Kiuno Kwanza, Mikono Baadaye

Mikono yako si kitu. Naanza hivyo ili anayetaka kununa anune mapema, tuendelee na wengine. Kila msichana na kila mvulana aliyewahi kushika rungu la besiboli mbele yangu alidhani kazi ni ya mikono, na wenye misuli ndio walikuwa wabaya zaidi. Anasimama, anakaza mabega, anauma meno kama anayeng'olewa jino. Mpira unakuja, anaupiga upepo kwa nguvu zote mpaka anageuka anatazama ofisi ya mkuu wa shule. Mpira uko zamani kwenye glavu ya mdakaji. Halafu ananiambia, "Madam, jua lilinipiga machoni." Jua! Jua liko mgongoni kwako, wewe!

Mnaonijua mnajua, na msionijua, mimi ni Mwanahawa, mzaliwa wa Mingoyo, mwalimu mstaafu wa michezo katika sekondari moja ya Kilwa Masoko. Siku hizi nafuga kuku na kugombana nao. Walimu vijana walioirithi timu yangu wameniomba niwaandikie jinsi ya kupiga mpira, nikasema sawa, ila nitaandika ninavyoongea. Anayetaka lugha laini aende redioni.

Mimi nilisomea netiboli na riadha. Besiboli nilibebeshwa, kama unavyobebeshwa mtoto wa mtu kwenye basi, "nishikie mara moja," mama mtu ndiyo kalala mpaka Somanga. Aliyenibebesha ni kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu shuleni kwetu, jina lake Kenji. Kijana ana adabu mpaka inakera. Alikuwa ameambiwa kwamba wakubwa huamkiwa shikamoo, naye kwa kuogopa kukosea akawa anamwamkia kila mtu, hadi watoto wa chekechea. Na watoto wa siku hizi walivyo, wanamwitikia "marahaba" bila kupepesa.

Kamusi yake ilimwambia kwamba ule mti wa kupigia mpira unaitwa gongo. Akaagiza Dar, akaandikisha mzigo kwa jina la shule. Siku ulipofika, kondakta akampigia simu mkuu wa shule: "Mkuu, gongo zenu zimefika, njooni mchukue stendi, zimenijazia gari." Kwetu gongo ni pombe haramu, jamani, na mkuu wetu ni mtu wa safu ya mbele msikitini. Alikaa chini kwanza. Kisha akanituma mimi stendi, yeye hakutaka hata kivuli chake kionekane kule. Tangu siku hiyo tukasema rungu, na nawasihi nanyi mseme rungu.

Haya, lishike. Usilikumbatie kwa kiganja kama mpini wa jembe, lilaze kwenye vidole. Vifundo vya mkono mmoja vielekeane na vya mkono wa pili. Likikushinda kulichezesha kidogo hapo ulipo, umelikaba, legeza. Miguu ipanuke kuliko mabega, magoti yalainike. Kichwa kikae kama umebeba ndoo. Ndiyo, hata wewe mvulana, nenda ukabebe ndoo ujue ninachosema.

Sasa tuje kwenye maradhi yetu wenyewe, ambayo Kenji hakuyakuta kwenye kitabu chochote. Wasichana wetu wamekulia kwenye rede. Wawili wanarusha mpira huku na huku, wewe uko katikati unakwepa, ukiguswa umekufa, unatoka. Mtoto amecheza hivyo tangu ajue kutembea. Leo umsimamishe na rungu, umwambie mpira unakuja, usikwepe. Thubutu! Kenji alirusha, msichana akainama. Akarusha tena, msichana akaruka, akajikunja hewani, mpira ukapita chini ya kwapa. Na wenzake pembeni wanashangilia, "Hajafa! Hajafa!"

Kenji akanigeukia, jasho linamtoka. "Mwalimu, kwa nini wanafurahi?"

Sikuwakataza rede. Nilikaa nikawatazama wakiicheza wakati wa mapumziko, nikaona kitu. Anayekwepa mapema ndiye anayekufa, maana mrushaji keshaona anaelekea wapi. Wale hodari wanasubiri, macho yao yako kwenye mkono wa mrushaji, na mpira ukiachiwa ndipo wanaamua. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta! Nikawaambia, fanyeni vilevile, ila badala ya kutoka, ingieni. Waliokuwa mabingwa wa kukwepa ndio waliokuja kuwa wapigaji wangu wazuri, na waliokuwa wakifa mapema kwenye rede niliwapeleka kudaka.

Kuhusu wakati wa kupiga, nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi mnapoharibu. Mrushaji akiinua goti, wewe rudisha uzito kwenye mguu wa nyuma, bila haraka. Mkono wake ukija mbele, nyanyua mguu wako wa mbele uuweke chini, hatua fupi, kwa ulaini, kama unaingia chumba alicholala mtoto. Mguu umetua, lakini mikono bado iko nyuma begani. Hapo unasubiri. Mguu umekwenda, mikono haijakwenda, na katikati mwili umevutika kama mpira wa manati. Ukitua mguu na kupiga kwa pamoja, hujavuta kitu, umebaki na mikono, na mikono nimeshawaambia si kitu. Mpira wa kasi na mpira wa polepole, yote unaitulia mguu mapema. Kinachobadilika ni muda wa kukaa pale ukisubiri.

Na ukiona mipira yako yote inakwenda kulia, nawasemea wanaotumia mkono wa kulia, usianze kubadilisha mshiko na kusimama kama korongo. Umechelewa tu. Inakwenda yote kushoto, umewahi. Mpira unataka kukutana na rungu mbele kidogo ya mguu wa mbele.

Mwalimu Hamisi, anayefundisha sasa, aliniletea simu juzi. Anampiga mtoto picha za video, anazipunguza mwendo, unaona kila kitu mpaka chunusi. Nimeipenda, sisemi uongo. Sisi tulikuwa tunarusha magunzi ya mahindi. Gunzi haliendi sawasawa, linapepesuka, mtoto analazimika kulitazama mpaka mwisho, na likipasuka hakuna anayelia. Tumia simu, Hamisi, lakini mtoto akiwa ameshika rungu usimwonyeshe chochote. Atasimama pale akijitafakari mpaka mpira umkute kwenye mbavu.

Kenji akichemka, Kiswahili kilimtoka chote. Alisimama nyuma ya mpigaji akipaza sauti, "Koshi! Koshi!" Wasichana wakasikia kosi. Na kosi ni kola, au hapo shingoni nyuma inapokaa kola. Wakawa wanazungusha shingo. Kadiri Kenji alivyopiga kelele ndivyo shingo zilivyozunguka, nao watoto wasikivu, hawataki kumvunja moyo mgeni. Kwa muda mrefu tulikuwa na timu nzima inayopiga mpira huku ikitazama nyuma. Mpaka siku moja nikamuuliza, "Kenji, hilo kosi lina nini?" Akashika kiuno chake kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku.

"Ooo! Kiuno!" nikasema. Nikafurahi kama niliyeokota. Masikini mimi.

Maana kweli siri iko hapo. Mguu wa mbele ukishatua, kiuno ndicho kinachotangulia kugeuka, kisigino cha nyuma kinanyanyuka, kitovu kinamtazama mrushaji. Kisha mabega, kisha mikono, na rungu linakuja la mwisho kabisa, tena kwa kasi ambayo mikono peke yake haiwezi kuitoa. Msichana mwembamba anayejua kupanga hivyo anampita jitu la mazoezi. Basi nikaanza kufundisha kiuno. Nina sauti, Mungu kanipa, na uwanja wetu uko kandokando ya barabara.

"Kiuno, Somoe! Kata kiuno! Usione haya, kata!"

Somoe alikuwa wa kidato cha tatu, anatoka Likawage, huko ndani, kwa wazazi wakulima wa ufuta. Masoko alikuwa anakaa kwa shangazi yake ili asome. Msichana wa kunong'ona, ukimuuliza jina anakujibu kama anakupa siri. Mwanzoni alipiga kama anayelima, kutoka juu mpaka chini, pa! vumbi, mpira umepita. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na subira. Nilipompa kiuno akaanza kufunguka. Mpira wa kwanza alioupiga sawasawa ulivuka barabara, naye akasahau kukimbia, akasimama anacheka kwa sauti. Sikuwahi kuisikia sauti ile kabla.

Sasa, jamaa mmoja wa Likawage alikuja mjini na ufuta wake, akapita barabarani. Akasikia jina la Somoe, akasikia kiuno. Alichokifikisha kijijini anakijua Mola. Siku chache baadaye shangazi mtu akanijia shuleni, ushungi umekaa upande.

"Madam, kaka yangu anakuja Alhamisi kumchukua Somoe."

"Kumtoa kwenye mpira?"

"Kumrudisha Likawage kabisa. Anasema alimleta mtoto asome, amesikia anafundishwa ngoma mchana kweupe, tena na mwalimu mtu mzima. Kama ni ngoma, anasema, hata kwao zipo."

Nilicheka. Kisha nikamwona Somoe nyuma ya shangazi yake, amekumbatia madaftari, nikaacha kucheka. "Madam," akanong'ona, "nikirudi sitaletwa tena. Dada yangu alirudi kusalimia tu. Sasa hivi ana watoto."

Nilikasirika, nawaambia. Nilimkasirikia muuza ufuta, nikaikasirikia barabara, nikamkasirikia na Kenji na koshi yake. Mkuu wa shule akaniita: "Mwalimu, hilo neno lisisikike tena uwanjani. Tafuta lingine." Nikajaribu nyonga, si ndilo la vitabuni? Nikapaza sauti, "Nyonga, Somoe! Nyonga!" Mkuu akatoka ofisini mbio, kiatu kimoja mguuni: "Sasa mnanyongana?"

Neno nililipatia kwa jirani yangu, naye hajui mpaka leo. Nilikuwa nimekaa barazani nimenuna, naye akatoka na beseni la maji aliyooshea vyombo. Nikamtazama akiyatupa. Maji ya beseni huyatupi kwa mikono, utajilowesha miguu. Alilipeleka ubavuni nyuma, akaweka mguu mbele, akageuza mwili, beseni likafuata, na maji yakaenda yote kwa mkupuo mpaka kwenye banda la kuku wangu. Nilipiga kelele ya furaha, jirani akadhani nimekasirikia kuku.

Kesho yake uwanjani nilikwenda na mabeseni. Mjazie maji, mwambie ayatupe mbali, mwili wenyewe utajipanga. Anayetumia mikono anarudi darasani kalowa. Ukishatupa beseni mpaka mwili umezoea, shika rungu, tupa vilevile. "Beseni, Somoe! Beseni!" Wapita njia wakasema huyu Mwanahawa amechanganyikiwa, lakini hakuna aliyepeleka habari Likawage.

Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, baba Somoe akaja. Kanzu imepigwa pasi, kofia imenyooka, na mkononi ana begi tupu. Lile begi lilinitia baridi kuliko maneno yoyote. Tukasalimiana, nikamkaribisha kiti.

"Sikuja kukaa, Mwalimu. Nimeambiwa hapa mnafundisha kukata kiuno."

"Tunafundisha kupiga mpira."

"Na kiuno hakimo?"

Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake ananikonyeza mpaka nikadhani kaingiwa na mdudu. Ningeweza kusema hakimo. Lakini yule mtoto angebaki akipiga mpira na uongo wangu mgongoni, na siku moja ungemwangukia.

"Kimo, baba Somoe. Kama kilivyomo kwenye kulima na kwenye kutwanga. Wewe ukinyanyua gunia la ufuta, kiuno unakiacha nyumbani?"

Mkuu akafumba macho. Baba Somoe akanitazama, akautazama uwanja. Wasichana wamesimama na hijabu zao na suruali za michezo chini ya sketi. Akasema, "Nionyesheni."

Somoe akaingia na rungu. Kenji akarusha. Mbele ya baba yake yule mtoto alisinyaa akawa mikono mitupu, akakosa. Akakosa tena. Baba akakunja uso.

"Mbona hapigi?"

"Anakuogopa wewe," nikasema.

"Mimi nimefanya nini? Kwani hapa pana kazi gani? Mpira si huo?" Akavua kofia, akampa mkuu wa shule begi amshikie, akalichukua rungu mkononi mwa binti yake. Akasimama kama anayengoja nyoka atoke shimoni. Kenji akarusha, kwa upole kabisa. Baba Somoe akapiga upepo, kanzu ikamzunguka miguuni, akapepesuka. Wasichana wakauma midomo. Akapiga tena upepo.

"Huyu kijana anarusha kwa hila!"

"Shikamoo, mzee," akasema Kenji kwa hofu.

Hapo Somoe akasogea. "Baba," akasema. Uwanja mzima ukasimama, maana mnajua lipo neno ambalo binti halitamki mbele ya baba yake, na sote tuliliona linakuja. "Baba, samahani. Unawahi mno. Weka mguu, halafu usubiri. Halafu..." Akakwama. Akanitazama. Nikatazama ardhi.

"Halafu nini?" baba akauliza.

Somoe akaenda akachukua beseni lililojaa, akalipeleka ubavuni, akaweka mguu, akasubiri, akageuka. Maji yakatandaa mbali uwanjani, tone moja halikumgusa. Hakuwa amesinyaa tena.

Baba Somoe akayatazama yale maji yakizama mchangani. "Mama yako anatupa hivyo hivyo," akasema taratibu.

Akarudi kwenye rungu. Kenji akarusha. Mguu, subira, na mwili ukageuka, nao mpira ukaenda ukidunda mpaka kwenye sufuria la mama muuza mihogo kando ya barabara. "Kimbia, baba! Kimbia!" wakapiga kelele wasichana. Akanyanyua kanzu akakimbia, mbio za kweli, upande usio wake, kushoto badala ya kulia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumrudisha.

Alirudi anahema, akavaa kofia, akachukua begi lake kwa mkuu. Hapo kicheko kikanikauka. Somoe, aliyekuwa ameshavaa glavu ya kudakia, akaanza kuivua, kidole kimoja kimoja, machozi yamemjaa.

"Unavua nini?" baba akamuuliza.

"Si tunaondoka, baba?"

"Ninayeondoka ni mimi, gari la Nangurukuru halinisubiri. Hili begi nitalitilia chumvi na samaki wakavu, mama yako ameagiza." Mama mtu hakuwa ameagiza kitu, na sote tulijua. "Wewe baki."

Kisha akanigeukia mimi, akaweka mkono kifuani kwa heshima zote. "Mwalimu, punguza sauti."

Akaenda zake. Somoe akavaa tena glavu, akaivua, akachukua rungu, na Kenji akamrushia mipira mpaka karibu na adhana ya magharibi. Hakugusa hata mmoja. Mguu uliwahi, kichwa kilicheza, kiuno kililala, mikono ikapiga peke yake, kwa sababu mtoto alikuwa analia na anacheka kwa pamoja na haoni kitu. Kila kosa nililowaandikia humu alilifanya jioni ile mbele ya macho yangu, na mimi sikumsahihisha hata moja.